Kiziwi Dirishani
Msikilizaji, huko Marekani mikahawa mingi humhudumia mteja akiwa garini. Anasimama penye ubao wa menyu, anaagiza kwa kipaza sauti, kisha anasogea dirishani kulipa. Je, kiziwi afanyeje? Wengi huupita ubao huo na kwenda moja kwa moja dirishani, agizo wameliandika kwenye simu. Hapo wengine huambiwa warudi nyuma wakaongee na kile kipaza sauti. Inauma sana! Sheria ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu nchini humo inazitaka biashara ziwasiliane nao ipasavyo. Kwa chipsi na soda, karatasi na kalamu hutosha. Wewe mhudumu, isome simu hiyo, mwandikie bei, na mtazame usoni.