Saruji Nyingi Inavyoua Tofali: Ujenzi wa Kuta za Mapambo za Bustani kwa Matofali ya Kubomolewa, Kata ya Kasulo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi uashi na wamiliki wa nyumba, Kasulo, Wilaya ya Ngara



1. Utangulizi na maana

Ukuta wa bustani ni ule usiobeba paa: unazunguka maua, unazuia udongo wa kitalu, au unatenga ua na njia ya wageni. Matofali ya kubomolewa ni yale ya kuchoma yaliyotolewa mazima kwenye jengo lingine. Haya tunayajua sote.

2. Kwa nini Kasulo

Sababu ya kwanza ni kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakatua hapa Benaco, katika kata yetu. Hadi wengi wao waliporejea kwao Desemba 1996, vilima vyetu vilikuwa vimepoteza miti mingi kwa kupikia na kujengea. Tanuru la matofali nalo hula magogo. Tofali lililokwisha kuchomwa likiokolewa zima, halidai kuni nyingine.

Sababu ya pili ni barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na barabara kuu ya Rusumo inapita katikati yetu. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi hiyo ikipigwa alama ya X ya kubomolewa, mwenyewe hukimbilia bati, mbao na milango. Matofali huachwa yawe kifusi.

Hapa niseme neno la tahadhari. Kifusi kina mwenyewe. Asichukue mtu tofali bila ridhaa ya mwenye jengo na bila ofisi ya kijiji kujua. Majengo ya kale, kama boma la Wajerumani pale Biharamulo, yasiguswe kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo kwa ajili hiyo.

3. Kuchagua na kupanga

Gonganisha matofali mawili: lililoiva hulia, bichi hutoa sauti ya udongo. Likwaruze kwa msumari. Ukiwa na shaka, litumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Tofali la ukingoni mwa tanuru, ambalo moto haukulifikia, asubuhi utalikuta limelegea. Kwa pambo, changanya matofali kutoka marundo tofauti ili mekundu, ya kahawia na yaliyoungua yasambae ukuta mzima. Acha matundu kwenye kozi za juu tu. Mengine namwachia fundi na jicho lake.

4. Tatizo la saruji

Hapa ndipo naomba muda wa Mwenyekiti wa semina, hata ukizidi ule niliopangiwa.

Kuta nyingi za bustani ninazoitwa kukagua zinaharibika kwa namna moja. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Baada ya misimu michache ya mvua, unga mweupe wa chumvi hutokea usoni mwa matofali. Kisha uso wenyewe hubanduka vipande vipande, tofali linarudi ndani, na saruji ya viungo inabaki imesimama peke yake kama masega yasiyo na asali. Mwenye nyumba hulaumu tofali kwamba ni kuukuu. Fundi naye humuunga mkono. Tofali halina kosa.

Tofali letu la kuchoma ni laini na linanyonya maji. Fundi akilijenga likiwa kavu, hunyonya maji yote ya udongo wa kujengea kabla saruji haijashika. Kesho yake udongo unamong'onyoka vidoleni. Fundi anaona hivyo, anahitimisha kwamba saruji ilikuwa kidogo, na safari ijayo anaongeza. Anatoka kipimo cha saruji moja kwa mchanga sita, anafika moja kwa nne, wengine moja kwa tatu. Dawa ilikuwa ndoo ya maji ya kuloweshea tofali.

Udongo wenye saruji nyingi hukauka ukawa mgumu kuliko tofali lenyewe. Ukuta unapopata jua la mchana na baridi ya usiku, hutanuka na kusinyaa. Kiungo kigumu hakikubali, nyufa nyembamba zinatokea kati yake na tofali. Mvua inaingia humo. Maji yakitaka kutoka, kiungo kimefunga njia, kwa hiyo yanatokea usoni mwa tofali yakibeba chumvi. Chumvi ikikauka inakua na kusukuma uso wa tofali nje. Ukuta wa nyumba una paa na lipu ya kuukinga kwa kiasi. Ukuta wa bustani unanyeshewa juu na pande zote mbili.

Hasara ya pili inaniumiza zaidi. Matofali yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu au kwa chokaa hubomoka yakiwa mazima. Saidia fundi huyasafisha kwa nyundo ndogo na patasi. Yaliyojengwa kwa saruji kali huvunjika kabla kiungo hakijaachia. Ukuta wa namna hiyo ndio kaburi la matofali hayo.

Jambo hili si geni nchini. Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa Kisiwani vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wanaovikarabati wanajua madhara ya kuvipiga saruji: unyevu hufungiwa ndani, ukuta unaoza. Nimelisema hili kwenye vikao vingi. Naheshimu ofisi zinazoandaa makadirio ya ujenzi, na sina mamlaka ya kubadili viwango vyao. Lakini makadirio ya ukuta wa matofali laini yanayonakiliwa kutoka ukuta wa tofali za saruji ni makadirio yasiyofaa, na wanaoyalipia ni wananchi.

5. Mapendekezo

(i) Udongo wa kujengea uwe saruji ndoo moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Kwa kozi za chini zinazogusa ardhi: moja, moja, sita.

(ii) Chokaa ya unga iloweshwe kwenye pipa tangu jana yake. Ikikaa wiki, ni bora zaidi. Macho na mikono vikingwe.

(iii) Tofali liloweshwe kabla ya kujengwa. Narudia: liloweshwe.

(iv) Chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ukuta mpya ufunikwe kwa magunia au majani ya migomba na kunyunyiziwa maji kwa wiki nzima.

(v) Chokaa ikikosekana, saruji ipunguzwe hadi moja kwa nane kwa mchanga laini. Isiongezwe kwa sababu yoyote.

(vi) Ukuta uvikwe kofia ya kigae au ya matofali yaliyoiva sana, itokeze pande zote mbili ili maji yadondokee mbali.

(vii) Ukuta wa unene wa nusu tofali usizidi nusu mita kwenda juu bila nguzo.

(viii) Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Benaco waweke chokaa ya kujengea mwaka mzima. Kwa sasa inaletwa ya kupaka kuta tu, na fundi anayeitaka hukosa pa kuinunua.

(ix) Halmashauri, inapotoa kibali, iulize kipimo cha udongo wa kujengea kama inavyouliza ramani.

(x) Mwenye nyumba aliyepigwa X ashauriwe mapema kubomoa kwa mkono, kozi kwa kozi, kabla mtambo haujafika.

(xi) Saruji isizidishwe. Nimeshalisema katika (i) na (v), na naomba liandikwe tena hapa.

Naiomba kamati ya maazimio iyapokee mapendekezo ya (i), (iii) na (v) leo hii, yabandikwe kwenye ofisi za vijiji vyote vya kata kabla mvua za vuli hazijaanza.