Uwanja wa Michezo Si Mahali Patupu: Tunayojifunza kutoka Namuwongo

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, vijana na viongozi wa vijiji. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Wengi wenu mnalijua jina la Namuwongo, hata kama hamjafika. Ni mtaa wa Kampala, upande wa Makindye, chini ya kilima cha Muyenga. Wako ndugu zenu wanaoishi huko: Wakongo, Wasudani Kusini, na pia Waganda waliokimbia vita vya kaskazini. Wanapapenda kwa sababu vyumba ni vya bei nafuu, na eneo la viwanda liko karibu. Mtu anakwenda kibaruani kwa miguu.

Leo sisemi juu ya kodi ya nyumba wala juu ya kazi. Nasema juu ya mahali pa kucheza. Kuna jambo limetokea Namuwongo ambalo linaweza kutokea hapa kwetu pia, na hapa bado tunayo nafasi ya kulizuia.

NAFASI INAVYOKWISHA

Namuwongo inapitiwa na njia ya reli. Chini yake, bondeni, uko mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji machafu ya mji kwenda Ziwa Viktoria. Kati ya reli na bonde nyumba zimesongamana, ukuta kwa ukuta. Zamani bondeni palikuwa na mafunjo. Watu walijaza udongo wakajenga, na viwanda navyo vikajenga.

Sasa jiulize: mtoto wa huko akitoka nyumbani na mpira wake wa mifuko ya plastiki, ataucheza wapi? Mahali palipobaki wazi ni kando ya reli. Mwaka 2014 vibanda vingi vilivyokuwa karibu mno na reli vilibomolewa, na ile nafasi iliyobaki watoto wakaiona ni uwanja. Lakini ni uwanja unaopitwa na treni. Na mvua kubwa ikinyesha, mfereji unafurika na watu wa bondeni wanahangaika na maji ndani ya nyumba.

Wazazi wa Namuwongo wanawapenda watoto wao kama ninyi mnavyowapenda wenu. Hakuna aliyesimama akasema, "Watoto wasicheze." Mmoja aliongeza chumba cha kupangisha. Mwingine aliweka kibanda cha mkaa. Wa tatu akaegesha mikokoteni. Kila mmoja alichukua hatua chache tu, na kila mmoja alikuwa na shida ya kweli. Ndivyo ardhi ya wote inavyokwisha popote.

LAKINI KAMPALA SI INA VIWANJA?

Ni kweli, inavyo. Uko uwanja wa Nakivubo, katikati ya mji, ulioanzishwa mwaka 1926. Uko Lugogo, ambako timu ya KCCA inacheza kwenye uwanja wenye jina la Phillip Omondi, mchezaji aliyekuwamo katika timu ya Uganda iliyofika fainali ya Kombe la Afrika mwaka 1978. Na uko uwanja mkubwa wa Mandela, Namboole, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1997.

Nchi jirani nazo zinavyo. Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa Namboole, kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa huko Dar es Salaam, Amaan huko Zanzibar, na Kasarani na Nyayo huko Nairobi. Tulifurahi sote.

Lakini hivyo ni viwanja vya kutazama. Mtoto wa Namuwongo haingii Namboole kucheza. Akitaka hata kutazama, anahitaji nauli na tiketi. Kwa hiyo vijana wengi huishia kwenye kibanda cha video: unalipa kiasi kidogo, unakaa kwenye benchi, unatazama ligi ya Uingereza. Kutazama mpira si kosa. Shida ni kwamba mara nyingi jirani ya kibanda kuna mahali pa kubeti, na pesa ya unga inaingia humo haitoki. Na kijana aliyekaa kwenye benchi siku nzima hajakimbia hatua moja.

Tena viwanja vikubwa vyenyewe havina uhakika. Nakivubo ulibomolewa mwaka 2017 ili ujengwe upya, na michezo haikurudi hadi mwaka 2024. Namboole uligeuzwa mahali pa kutibia wagonjwa wakati wa Korona, kisha ukafungwa kwa matengenezo. Ikiwa uwanja wenye kuta na walinzi unaweza kuondolewa kwa miaka, je, huu wetu wenye miti miwili ya goli utalindwa na nani?

MCHEZO UNALETA NINI?

Wako wanaosema, "Tuna njaa, tuna magonjwa, kwa nini mnatuletea habari za mpira?" Ni swali la haki. Nalijibu kwa mifano miwili ya Kampala.

Wa kwanza ni wa wakimbizi kama ninyi. Mwaka 2007 vijana wa Kongo waliokuwa Kampala walianzisha shirika la YARID. Walianza na klabu ya mpira isiyokuwa hata na kibali. Walipokutana uwanjani waligundua kwamba wengi hawajui Kiingereza, hivyo hawapati kazi wala hawaelewani na majirani. Wakaanza kufundishana lugha, baadaye na kazi za mikono. Leo shirika hilo linajulikana nje ya Uganda.

Wa pili ni wa Katwe, mtaa mwingine maskini wa Kampala. Huko mwalimu Robert Katende alifundisha watoto mchezo wa sataranji. Msichana mmoja, Phiona Mutesi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, alijifunza hapo, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia huko Urusi. Katwe hawakuhitaji uwanja wa nyasi. Walihitaji paa, mabenchi, mbao za kuchezea na mtu mzima mwenye subira.

Na tusisahau kwamba mchezo ni haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema kila mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema "isipokuwa mtoto wa mkimbizi."

TUPIGE HESABU

Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata, vinasema kambi iwe na mita za mraba 45 kwa kila mtu. Katika hizo 45 zimo nyumba, njia, shule, soko, vyoo, na pia mahali pa michezo. Maana yake uwanja umo ndani ya mpango tangu mwanzo. Si ardhi iliyosahauliwa inayongoja mwenyewe.

Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 100 kwa 64 unachukua mita za mraba 6,400. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, yaani mita za mraba 465 hivi. Wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, yaani 162. Kwa hiyo ardhi ya uwanja mmoja wa mpira wa miguu ingetosha viwanja zaidi ya 13 vya netiboli. Bao, au omweso kama Waganda wanavyouita, linahitaji kivuli cha mti tu, mashimo 32 na kete 64.

Kijiji kisichokuwa na ardhi ya mpira wa miguu kisiseme hakina la kufanya. Kitafute mita 18 kwa 9.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

1. Uwanja uandikwe. Viongozi wa RWC waiombe ofisi ya OPM iuonyeshe uwanja kwenye ramani ya makazi. Wageni wapya wakifika na ploti zikigawanywa, neno la mdomo halitoshi.

2. Mipaka ionekane. Pandeni miti kuzunguka uwanja. Mti unatoa kivuli, na unamwambia kila mtu, "Hapa pana wenyewe." Anayetaka kujenga "kwa muda tu" aonyeshwe mahali pengine siku hiyo hiyo, kabla hajaezeka.

3. Iwepo ratiba. Bila ratiba, wavulana wakubwa huchukua uwanja kila jioni. Wasichana hawaji, na watu husema hawapendi michezo. Waulizeni: saa kumi wako bombani, saa kumi na mbili wako jikoni. Wapeni saa yao, na kaka zao wachote maji siku hiyo. Wadogo nao wawe na saa yao, na walemavu pia.

4. Iwepo kamati. Iwe na wanawake na wanaume, na watu wa makabila yote yanayoishi hapo. Timu zichanganywe. Timu ya kabila moja dhidi ya kabila jingine huleta ugomvi ambao haukuwapo asubuhi.

5. Uwanja utunzwe. Kabla ya mchezo watoto waokote chupa na vyuma. Mashimo yafukiwe. Magoli yafungwe imara, maana goli likianguka linaweza kuua mtoto. Maji safi ya kunywa yawe karibu.

Haya yote hayahitaji kungoja shirika. Mipira na nyavu tunaweza kusaidia kutafuta, lakini shirika haliwezi kulala uwanjani kulinda mipaka. Hiyo ni kazi ya wanaoishi hapa.

Ndugu zangu, wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Namuwongo leo, hata wakipata mfadhili mwenye fedha nyingi, hawawezi kupata uwanja bila kubomoa nyumba ya mtu. Sisi uwanja bado tunao. Katika mkutano wenu wa kijiji unaofuata, liwekeni jambo hili kwenye ajenda, tena lisiwe la mwisho watu wakiwa wamechoka. Nendeni pamoja na viongozi, mpime kwa hatua kutoka goli hadi goli na kutoka mpaka hadi mpaka, mwandike namba hiyo. Mwakani mpime tena. Ikiwa imepungua, mtajua ni nani wa kuulizwa, na mtajua mapema.