Land Cruiser kuukuu: tupige hesabu kwanza

Kikundi chenu kinataka kununua Land Cruiser kuukuu ya kwenda Koboko kila siku? Ni gari la nguvu, matope haliyaogopi. Lakini linakunywa mafuta mengi. Pigeni hesabu ya nauli kwanza.

Likiwa limetoka Kongo au Sudan Kusini, ulizeni: ushuru wa URA umelipwa? Kama bado, linaweza kukamatwa, na akiba yenu ikapotea. Tena, tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi.

Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Namba ya chasi ifanane na iliyo kwenye kadi. Bila karatasi, msitoe hata shilingi.