DAFTARI LA UMEME: HOTUBA JUU YA KUTIA VIPAZA SAUTI KATIKA LAND ROVER KONGWE

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama wa tawi na ndugu yetu mmoja mwenye duka. Tunaichapa kwa kuwa wengi wameiomba.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya gari yetu ya Land Rover ya mwaka 1962, na vipaza sauti ambavyo sote twataka itiwe. Mimi si fundi. Chuo changu kilikuwa cha Kurani, na hesabu nilijifunza penye mizani ya duka. Lakini fedha za kazi hii zimetoka senti kwa senti katika mifuko ya wakulima, wavuvi na wachukuzi. Fedha ya namna hiyo ni amana, na amana haitumiwi kwa pupa. Wako wasemao: na tununue mashine iliyo kubwa kuliko zote. Mimi nasema: kwanza tufungue daftari.

Yatupasa tujue gari yenyewe ni kitu gani. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa na kampuni ya Rover ya Uingereza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Chuma kilikuwa haba baada ya vita, ndipo mabati ya mwili wake yakafanywa ya alumini, na fremu yake ikawa ya chuma. Iliundwa kwa kazi za shamba. Umeme wake ulikadiriwa kwa taa, honi na cheche za injini, basi. Hapana aliyefikiri kuwa siku moja itabebeshwa hotuba.

Sasa tuandike. Dainamo ndiyo pato, betri ndiyo akiba, na kila kinachowaka ni matumizi. Dainamo ya gari kama yetu, ikizunguka kwa kasi, hutoa ampea 20 hivi. Gari ikisimama na injini ikapumua taratibu, haitoi kitu cha maana. Taa mbili kubwa za mbele hula kama ampea 8, na cheche 3 au 4. Mashine ya kukuza sauti ya wati 60, katika umeme wa volti 12, kwa hesabu tupu yataka ampea 5. Lakini sehemu ya umeme hupotea ikawa joto, basi tuiandikie 8. Jumla yakaribia 20. Mchana tutapumua, usiku tutakuwa ukingoni. Seuze mashine ya wati 300, ambayo ikipigwa kwa nguvu zake zote yaomba ampea 25 hata kabla ya hasara! Huo ni mshahara wa shilingi 20 na deni la shilingi 25.

Na tukizima injini ili watu wasikie? Hapo twala akiba. Betri ya ampea-saa 60 haifai kuliwa zaidi ya nusu, yaani 30. Mashine ndogo ikivuta 8 mfululizo, hizo ni saa zisizotimia nne. Ni kweli kwamba msemaji huvuta pumzi, na mashine nayo hupumzika naye, kwa hivyo saa zitazidi kidogo. Lakini wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sitaki msemaji wetu amalize kunena juu ya nguvu za umoja, kisha umma umwone anaisukuma gari.

Jambo la pili ndilo la hatari kuliko yote kwa fedha zetu. Katika gari nyingi za leo upande hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye mwili wa gari. Land Rover za zamani, mpaka mwaka 1967 hivi, zilifungwa kinyume: chanya ndiyo iliyoshikwa na mwili. Mashine za leo zimeundwa kwa hasi. Mtu akiifunga bila kuuliza, huenda ikaungua kwa kupepesa jicho, na michango ya miezi ikawa moshi. Dawa ipo: fundi ageuze gari nzima, yaani betri, nyaya za koili na za mita ya ampea, na dainamo irudishwe katika mkondo mpya kabla ya injini kuwashwa. Kisha aandike kwa rangi karibu na betri kwamba gari imegeuzwa, ili fundi wa kesho asiharibu kazi ya fundi wa leo.

Tatu, pahala pa kufunga. Mtu asitoboe chini ya kiti cha kulia kabla ya kuinama na kutazama, kwani katika nyingi za gari hizi tangi la petroli liko papo hapo. Wala tusiukate ubao wa saa; mashine na ikae katika sanduku la mbao mahali pa kiti cha kati. Alumini na boliti za chuma vikikutana katika hewa ya chumvi kama ya kisiwani kwetu, alumini huliwa. Basi pawekwe mpira katikati na grisi. Kwa sababu hiyo hiyo mashine isitegemee mabati kurudisha umeme. Ipewe nyaya zake mbili nene mpaka kwenye betri, na fyuzi karibu na betri.

Nne, vipaza sauti vyenyewe. Vile vyenye umbo la tarumbeta hutoa sauti kubwa ya maneno kwa umeme mdogo. Muziki havipendezi nao, lakini sisi twataka kufahamika. Viwili vya omu 8 vikifungwa sambamba huwa omu 4, na mashine isiyokubali 4 itaungua. Maikrofoni ikae nyuma ya vipaza, la sivyo vitapiga mluzi mpaka watu wazibe masikio. Na sauti huenda mita 340 kwa sekunde: ukuta ulio mbali mita 85 huirudisha baada ya nusu sekunde, ikamkanyaga msemaji neno lake la pili. Asemaye na aseme taratibu. Debe tupu ndilo livumalo.

Kwa hivyo natoa shauri: mashine ya wati 60, vipaza viwili, betri ya pili ya akiba, na kwanza kabisa fundi wa kuigeuza gari. Kila ununuzi uwe na risiti, na risiti zibandikwe ukutani hapa tawini, ili yule aliyetoa senti kumi aone zilikokwenda.