Mbio za Imani, na Miguu ya Kuzimaliza



Tumeagizwa tuseme machache juu ya kudumu katika imani. Tumeona heri tuanze na miguu ya mtu, maana Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kuwapa mfano wa wakimbiaji na wapigana ngumi. Alijua anasema na nani. Karibu na mji wao, kila baada ya miaka miwili, ilikuwapo michezo mikuu ya Isthmia, nao waliwaona vijana wakishindania taji la majani ambalo halikosi kunyauka. Na huko Olimpia mshindani hakuingia uwanjani hivi hivi tu. Pausania, mwandishi wa zamani, atueleza kwamba aliapa kwanza, mbele ya sanamu ya mungu wao, ya kuwa amejizoeza kwa uangalifu miezi kumi mfululizo. Miezi kumi, ndugu zetu, kwa ajili ya majani! Nasi tunao watu wanaonung'unika ya kuwa mafundisho ya ubatizo ni marefu.

Lakini Ugiriki ni mbali. Tutazame mtu wa nchi yetu wenyewe, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Olimpiki huko Mexico City, mji ulio juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, wenye hewa nyepesi inayomchosha mgeni upesi. Njia yenyewe ni kilometa 42 na kidogo. Kabla ya kufika nusu, wakimbiaji walipokuwa wakisongamana, Akhwari alianguka, akaumia vibaya goti, na bega lake likajipiga chini. Akafungwa kitambaa, akaondoka tena. Walioanza walikuwa watu 75. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho wao. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea baada ya saa 3 na dakika 25, jua limekwisha kuchwa, na watu wengi wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu vile aanze mbio tu, bali azimalize.

Habari hii husimuliwa mara nyingi, lakini twaona husimuliwa nusu. Watu humfanya Akhwari kuwa maskini mlemavu mwenye moyo mkuu, basi. Sivyo. Alikuwa mkimbiaji hodari tangu kabla ya siku ile, na mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2 na dakika 15. Moyo mkuu bila miguu iliyozoezwa usingalimfikisha popote. Goti lilipoharibika, kilichombeba ni asubuhi nyingi za mazoezi, wakati hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Mkimbiaji hangoji siku anayojisikia vizuri. Hukimbia akiwa na hamu, hukimbia akiwa hana hamu. Hulala mapema, huacha pombe, hula kwa kiasi. Nguvu zake huja polepole sana, hata mwenyewe hazioni zikija. Lakini akiacha mazoezi majuma machache tu, pumzi yake hupungua. Sala za asubuhi na jioni ndivyo zilivyo. Mtu husema, “Nimesali mwezi mzima, sikuona kitu.” Hakuona kwa sababu ni mazoezi. Siku ya msiba, siku mtoto anapougua na jirani anamwonyesha njia ya kwa mganga wa ramli, ndiyo siku ya goti. Na siku ile hakuna nafasi tena ya kuanza kujizoeza.

Tena mkimbiaji wa mbali hatoki kwa kasi. Atokaye kwa kasi huonekana mwanzoni akiongoza, nasi twamsifu, kumbe anakula nguvu za mwisho wa safari. Tumewaona Wakristo wa namna hii: mwaka wa kwanza huimba kuliko wote, huhukumu kila mtu, hutaka ukatekista kabla hawajajua Amri. Moto wa mabua. Afadhali yule mama mkimya wa kiti cha nyuma, ambaye hakuna aliyepata kumsifu, naye hakosi Jumapili.

Neno moja juu ya wale 18 wasiomaliza. Mmojawapo alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na 1964. Siku ile mguu wake ulikuwa mbovu, akatoka njiani. Nani atasema hakuwa hodari? Basi tujihadhari kuwacheka walioanguka kando ya njia. Wengine wameumia mahali tusipopaona.

Na watu wachache waliobaki uwanjani jioni ile? Hatusikii majina yao, lakini walimpigia makofi mtu wa mwisho kana kwamba ndiye wa kwanza. Walimu wenzetu, hao twawapenda. Sisi tumezoea kuzima taa washindi wakiisha kupita: wakiisha kupata Kipaimara walio wepesi, twafunga daftari. Kumbe njiani bado yuko mtu, anakuja na goti bovu. Labda ameoa mke wa pili, naye anaona haya. Labda amerudi kutoka mjini mikono mitupu.

Basi twawaomba hivi. Kesho sikukuu ikiisha, kila mwalimu afungue kitabu chake cha majina, atafute jina la mmoja aliyeacha kuja tangu mwaka jana, aende kwake kwa miguu, aketi naye barazani. Asimwulize kwanza kwa nini haji. Amwulize habari za nyumbani.