Hewa Nayo Yataka pa Kutokea

Huko Marekani wako watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani, kama zile za RV ziuzwazo vipande vipande na kampuni ya Van's Aircraft. Rubani hukaa chini ya kifuniko cha plastiki angavu. Jua likiwaka, mle ndani ni tanuri.

Nilipopanda mojawapo, mwenyewe alikuwa ameongeza tundu la pili la kuingizia hewa. Wapi! Tulilowa jasho vilevile. Fungua dirisha moja tu la chumba chako pale Kariakoo, uone kama upepo utaingia. Utatokea wapi?

Lakini kutoboa ovyo nako ni hatari. Hewa ipitayo kwa kasi juu ya kifuniko huvuta ile ya ndani, na pengo hujazwa kupitia nyufa za sakafuni na mkiani, pengine pamoja na moshi wa injini. Moshi huo una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Rubani huumwa kichwa, husinzia, akadhani ni uchovu tu.

Mwenyeji wangu ameziba nyufa na kufunga king'ora cha gesi hiyo. Tundu la kutolea hewa bado analitafutia mahali.