Milango Mitatu ya Chuo Kikuu



Wazazi watuuliza mlango upi wa chuo kikuu ni mgumu zaidi. Digrii ya kwanza yataka C+ ya KCSE. Mwaka 2024, katika watahiniwa 962,512, walioifikia au kuipita walikuwa 246,391. Hapo ndipo watoto wetu wengi hukwama. Digrii ya pili hutazama daraja uliyopata katika ya kwanza, kisha mfuko wako. Ya udaktari huombwa na wachache, lakini alama peke yake hazitoshi: sharti ueleze utafiti wako, na apatikane mwalimu wa kukuongoza.

Kwetu sisi mlango mwembamba ni ule wa kwanza. Basi tulipe karo mapema, mtoto asirudishwe nyumbani karibu na mtihani. Na akikosa, tusimtupe: diploma yaweza kumfikisha baadaye.